PostgreSQL, MySQL, SQLite na DuckDB: JOIN ikienda kombo, ipi inasema na ipi inanyamaza?

Hifadhidata husifiwa zaidi kwa kasi. Hapa tumezipima kwa jambo jingine: ukikosea namna ya kuunganisha majedwali mawili (JOIN), zana unayotumia inakuambia, au inakupa tu jibu lisilo sahihi? Kosa lenye ujumbe mwekundu hurekebishwa siku hiyo hiyo. Kosa linalotoa namba inayofanana na ukweli huingia kwenye ripoti, likaaminiwa na kufanyiwa maamuzi kabla mtu hajashtuka.

Kwa kipimo hicho, PostgreSQL ndiyo kali kuliko zote nne, na ndiyo tunayoipendekeza kwa data ya kudumu. DuckDB ni meza nzuri mno ya uchunguzi, hata kama data yako inakaa kwingine. SQLite inategemea umeunda majedwali yako namna gani. MySQL ni zana imara, lakini kwenye JOIN inasamehe mambo ambayo haikupaswa kusamehe, na anayeitumia inabidi ajue ni yapi.

Mistari iliyozidi: hapa zote zinafeli

Tatizo linalosumbua watu wengi kuliko mengine ni jumla inayokuja kubwa kuliko uhalisia. Hakuna hata moja kati ya zana hizi inayotoa onyo, kwa sababu kwa kanuni za SQL, lugha ya amri za hifadhidata, hakuna kosa lililotendeka. Chukua oda moja yenye vipengee 3 na malipo 2. Ukiunganisha oda na vipengee, halafu ukaunganisha na malipo, oda hiyo inatoa mistari 6, maana kila kipengee kinakutana na kila malipo. SUM ya malipo itakuwa mara 3 ya kiasi halisi, na SUM ya bei za vipengee mara 2.

Wengi hukimbilia DISTINCT, neno la kuondoa marudio, na hapo ndipo hali inapozidi kuharibika. SUM(DISTINCT kiasi) huyahesabu malipo mawili yenye kiasi sawa kama malipo mamoja. Jumla inashuka, inaonekana ya kuridhisha, na bado si sahihi. Dawa yenyewe ni kujumlisha kila jedwali peke yake kwanza, ndipo uunganishe:

```sql
WITH v AS (
  SELECT oda_id, SUM(bei * idadi) AS jumla_vipengee
  FROM vipengee GROUP BY oda_id
), m AS (
  SELECT oda_id, SUM(kiasi) AS jumla_malipo
  FROM malipo GROUP BY oda_id
)
SELECT o.id, v.jumla_vipengee, COALESCE(m.jumla_malipo, 0)
FROM oda o
LEFT JOIN v ON v.oda_id = o.id
LEFT JOIN m ON m.oda_id = o.id;
```

Sasa kila upande unaoungwa una mstari mmoja tu kwa kila oda, kwa hiyo hakuna kitakachoongezeka.

Kama hujui uzidishaji unatoka wapi, usianze kwa kubadilisha amri. Kwanza hesabu unatarajia mistari mingapi. Amri hii inatoa idadi kamili ya mistari ambayo INNER JOIN (inayobakiza mistari yenye mwenzake tu) kati ya oda na wateja italeta, kabla hujaiendesha:

```sql
SELECT SUM(a.n * b.n)
FROM (SELECT mteja_id AS k, COUNT(*) AS n FROM oda GROUP BY mteja_id) a
JOIN (SELECT id AS k, COUNT(*) AS n FROM wateja GROUP BY id) b
  ON a.k = b.k;
```

Namba hiyo ikizidi idadi ya mistari ya oda, basi upande wa wateja una ufunguo unaojirudia. `GROUP BY id HAVING COUNT(*) > 1` itakutajia ni upi.

Tofauti kati ya zana hizi huonekana unapotaka kujua ni hatua ipi iliyozidisha mistari. PostgreSQL inashinda kwa uwazi. `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)` huandika, kwa kila hatua, idadi ya mistari iliyokadiriwa na ile iliyopatikana kweli. Soma kutoka chini kwenda juu, na utafute hatua ya kuunganisha inayotoa mistari mingi kuliko pande zake zote mbili. Angalia pia sehemu ya `loops`: ikiwa hatua imerudiwa mara nyingi, `rows` inayoonyeshwa ni wastani wa kila mzunguko, hivyo zidisha namba hizo mbili. Mtu asiyelijua hili huona `rows=1` na kupita, ilhali hatua hiyo imepitiwa mara 40,000. MySQL ina EXPLAIN ANALYZE tangu toleo la 8.0.18, nayo inatosha kwa kazi hii. DuckDB pia huonyesha mistari iliyotoka kwenye kila hatua. EXPLAIN QUERY PLAN ya SQLite huonyesha njia itakayofuatwa bila idadi ya mistari, kwa hiyo huko utalazimika kuhesabu kwa COUNT(*) baada ya kila JOIN unayoongeza.

Tahadhari moja kwa wote: ANALYZE huendesha amri yenyewe. Ukiichunguza DELETE au UPDATE, fungua muamala (transaction) kwa BEGIN na uufunge kwa ROLLBACK.

Aina za data: hapa ndipo tofauti ni kubwa

Jedwali moja lina `mteja_id` ya namba kamili, jingine lina `mteja_id` ya maandishi kwa sababu lilitoka kwenye faili la CSV. Umeandika `ON o.mteja_id = w.mteja_id`. Kila zana inalishughulikia jambo hili kwa namna yake.

PostgreSQL inakataa kata kata: `operator does not exist: integer = text`. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 iliacha kugeuza namba kuwa maandishi yenyewe bila kuambiwa. Wageni hulalamikia ukali huu. Kwetu sisi ndio sababu kubwa ya kuichagua, kwa sababu inakulazimisha uamue: je, '007' na 7 ni mteja mmoja au wawili? Uamuzi huo ni wako, wala si wa programu.

MySQL inaamua kwa niaba yako, tena vibaya. Inapolinganisha maandishi na namba, hugeuza pande zote mbili kuwa namba za desimali zinazoelea. '12', '012' na '12A' zote zinakuwa 12 na zote zinaungana na mteja 12. Maandishi yasiyoanza na tarakimu yanakuwa 0, kwa hiyo kama kuna mteja mwenye namba 0, atabeba takataka zote za kolamu ile. Tena, namba kubwa kuliko 9,007,199,254,740,992, yaani 2 kwa kipeo cha 53, hupoteza usahihi katika mgeuzo huo, hivyo vitambulisho virefu vinavyotofautiana kwa tarakimu ya mwisho vinaweza kulinganishwa visivyo. Hasara nyingine ni ya kasi: faharasa (index) iliyo kwenye kolamu ya maandishi haitumiki, na JOIN iliyokuwa ya papo hapo inakuwa ya kusubiri. Ishara pekee unayopata kwenye SELECT ni onyo. Andika `SHOW WARNINGS` mara tu baada ya amri. Ukiona `Truncated incorrect DOUBLE value`, umeshapata mchawi wako.

SQLite ina kanuni zake. Kolamu moja ikiwa ya INTEGER na nyingine ya TEXT, maandishi hujaribiwa kugeuzwa kuwa namba: '007' itaungana na 7, lakini '12A' haitaungana na 12, na hilo ni afadhali kuliko MySQL. Shida huanza pale pande zote mbili zinapokuwa hesabu au fomula badala ya kolamu tupu. `ON a.id = substr(b.msimbo, 3)` inafanya kazi, lakini `ON a.id + 0 = substr(b.msimbo, 3)` haileti hata mstari mmoja, kwa sababu `a.id + 0` imepoteza aina iliyotangazwa ya kolamu, na kwa SQLite namba haiwi sawa na maandishi hata siku moja. Weka CAST, yaani amri ya kugeuza aina ya data, upande wa substr na mistari itarudi. Kuna mtego mwingine: alama za nukuu mbili zikizunguka jina lisilo la kolamu yoyote, SQLite kwa kawaida yake ya zamani hulichukulia kuwa maandishi ya kawaida. Kwa hiyo kosa la tahajia ndani ya `"mteja_idd"` halileti ujumbe wa kosa, linaleta tu matokeo matupu.

Kuna mambo matatu zaidi ya kujihadhari nayo; mawili ya kwanza PostgreSQL huyakamata na MySQL na SQLite huyaachia. La kwanza ni JOIN bila ON: kwa hizo mbili, amri inapita na kila mstari unaungana na kila mstari, kwa hiyo majedwali mawili ya mistari 10,000 yanatoa mistari milioni 100. La pili ni ON yenye kolamu peke yake, mfano `ON o.mteja_id`: wanaisoma kama kweli kila inapokuwa si sifuri, wakati PostgreSQL inajibu `argument of JOIN/ON must be type boolean, not type integer`. La tatu ni la MySQL pekee, na linastahili kujulikana zaidi. MySQL haina FULL JOIN, ile inayobakiza hata mistari isiyo na mwenzake ya pande zote mbili, lakini neno FULL halijahifadhiwa. Ukiandika `FROM wateja FULL JOIN oda USING (mteja_id)`, inaliona FULL kuwa jina la kupanga la jedwali la wateja na kukufanyia INNER JOIN bila ujumbe wa kosa. Andika FULL OUTER JOIN kwa ukamilifu na angalau utapata kosa la sintaksia. SQLite ilipata RIGHT JOIN na FULL JOIN katika toleo la 3.39.0 la mwaka 2022; toleo lililofungwa ndani ya programu yako linaweza kuwa la kabla ya hapo, kwa hiyo uliza `SELECT sqlite_version();`.

Hata hivyo PostgreSQL si malaika. Kolamu ya `date` ikilinganishwa na ya `timestamp`, inakubali: tarehe inageuzwa kuwa saa sita usiku ya siku hiyo, na kila tukio la saa nyingine linadondoka. Kama kolamu ni `timestamptz`, saa sita ya usiku hiyo inafuata ukanda wa saa wa muunganisho wako, hivyo amri moja inaweza kutoa majibu tofauti kwa watu wawili. Unganisha kwa muda wenye mwanzo na mwisho: `ON t.wakati >= s.siku AND t.wakati < s.siku + 1`. Na NATURAL JOIN inaruhusiwa kote kwenye zana hizi. Majedwali yote mawili yakiwa na `id` na `imeundwa_lini`, itaunganisha kwa kolamu zote mbili na kukuletea matokeo matupu. Yasipokuwa na kolamu yenye jina moja, PostgreSQL, MySQL na SQLite zitaunganisha kila kitu na kila kitu. Tusingeitumia mahali popote.

LEFT JOIN iliyokula wateja

Umetaka wateja wote, wenye oda na wasio na oda. Wasio na oda hawaonekani:

```sql
SELECT w.jina, COUNT(*)
FROM wateja w
LEFT JOIN oda o ON o.mteja_id = w.id
WHERE o.hali = 'imelipwa'
GROUP BY w.jina;
```

WHERE hufanya kazi baada ya kuunganisha. Kwa mteja asiye na oda, `o.hali` ni NULL, yaani haina thamani, ulinganisho wa NULL si kweli wala si uongo, na mstari unatupwa. Sharti hilo lihamie kwenye ON. Kisha COUNT(*) iwe COUNT(o.id), la sivyo kila asiye na oda atahesabiwa kuwa na oda 1. Na kundi liwe kwa `w.id`, sio jina tu, maana majina hufanana. Kumbuka na upande wa pili: sharti linalohusu jedwali la kushoto, kama `w.hai = true`, likiwekwa kwenye ON halichuji mteja yeyote. Hilo mahali pake ni WHERE.

Hapa PostgreSQL inatoa dalili tunayoipenda sana. Endesha EXPLAIN. Kama uliandika LEFT JOIN na mpango unaonyesha `Hash Join` tupu badala ya `Hash Left Join` au `Hash Right Join`, kipangaji cha amri kimeshagundua kwamba WHERE yako imeifuta maana ya LEFT na kimeigeuza kuwa INNER. Hash Right Join isikutishe. Kimebadilisha pande tu, matokeo ni yale yale. MySQL nayo hufanya mgeuzo huo huo, na `EXPLAIN FORMAT=TREE` itakuonyesha `inner join` mahali ulipotarajia `left join`.

Unapotafuta wasio na oda kwa makusudi, andika `WHERE o.id IS NULL` kwa kutumia kolamu ambayo haiwezi kuwa NULL yenyewe, au tumia NOT EXISTS. Kaa mbali na NOT IN yenye amri ya ndani: NULL moja tu ndani ya orodha inafanya jibu lote liwe tupu.

Kama funguo zenyewe zinaweza kuwa NULL na unataka NULL iungane na NULL, PostgreSQL na DuckDB hutumia `IS NOT DISTINCT FROM`, MySQL `<=>`, na SQLite `IS`. Kwenye PostgreSQL ulinganisho huo hauwezi kutumia hash join, njia ya haraka ya kuunganisha majedwali makubwa, kwa hiyo kwenye majedwali makubwa utauona uzito wake, na FULL JOIN itaukataa kabisa.

Maandishi yanayofanana machoni

Misimbo miwili inaonekana sawa kwenye skrini na haiungani. Usibahatishe, angalia baiti. Kwenye MySQL na SQLite ni `HEX(msimbo)`, kwenye PostgreSQL ni `encode(convert_to(msimbo, 'UTF8'), 'hex')`. Ukiona `0d` mwishoni, faili lilitoka Windows na likaacha alama ya kurudi mwanzo wa mstari. `c2a0` ni nafasi isiyokatika, aghalabu hutoka kwenye kurasa za wavuti na lahajedwali. `e2808b` ni nafasi isiyo na upana kabisa. TRIM ya kawaida kwenye zana hizo tatu huondoa nafasi ya `20` peke yake, ndiyo maana watu huitumia na bado hawafanikiwi. Kwenye PostgreSQL andika `btrim(msimbo, E' \t\r\n\u00A0')`. Safisha data ndani ya jedwali mara moja, usiache fomula hiyo ndani ya ON, kwa sababu faharasa ya kawaida haitatumika.

MySQL inaleta jambo la ziada. Kanuni yake ya kulinganisha herufi tangu 8.0, `utf8mb4_0900_ai_ci`, haijali herufi kubwa na ndogo wala alama za lafudhi, hivyo 'José' na 'jose' wanaungana. Kanuni ya zamani ya `utf8mb4_general_ci` ilipuuza nafasi za mwishoni, hii mpya haipuuzi. Kwa hiyo JOIN iliyokuwa sawa kwa miaka inaweza kupoteza mistari baada ya kuhamia toleo jipya, bila mtu kugusa amri. Majedwali yakiwa na kanuni tofauti utapata kosa namba 1267, na hilo ni heri: linganisha kanuni za majedwali yenyewe badala ya kubandika COLLATE kila mahali.

DuckDB kama meza ya uchunguzi

DuckDB, iliyoanzia taasisi ya CWI mjini Amsterdam, husoma faili za CSV na Parquet moja kwa moja na hujiunga na PostgreSQL, MySQL au SQLite kwa ATTACH. Funguo zisizo na mwenzake huzipata kwa mstari mmoja unaosomeka:

```sql
FROM oda o ANTI JOIN wateja w ON o.mteja_id = w.id;
```

Amri ya SUMMARIZE hutoa aina ya kila kolamu, thamani ya chini na ya juu, na asilimia ya NULL. Kolamu ya `approx_unique` ni makadirio. Isitumike kuthibitisha kwamba ufunguo haujirudii.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye kusoma CSV. Inakisia aina za kolamu kwa kuangalia sampuli ya mistari 20,480 kwa kawaida, na msimbo wa '00731' utageuka kuwa namba 731. Unapochunguza funguo, soma kwa `read_csv('oda.csv', all_varchar = true)` na ufanye CAST mwenyewe. Ukiiunganisha na faili la SQLite lenye maandishi ndani ya kolamu ya INTEGER, itasimama na kulalamika. Kwa uchunguzi huo ndio mwenendo unaoutaka; `SET GLOBAL sqlite_all_varchar = true` itakuruhusu uyaone maandishi hayo.

Kwa asiyeweza kuhama

Ukiwa na MySQL, tangaza FOREIGN KEY (ufunguo wa jedwali moja unaolazimika kuwepo kwenye jingine) kwenye kila jozi ya kolamu unazounganisha mara kwa mara. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, itakataa namba zenye ukubwa au alama tofauti, na maandishi yenye kanuni tofauti za herufi, kwa hiyo matatizo ya aina yanakamatwa siku ya kuunda jedwali. Ukiwa na SQLite, ongeza neno STRICT, linalolazimisha aina za data za kolamu, mwishoni mwa CREATE TABLE (toleo la 3.37.0 la mwaka 2021 na kuendelea), na uendeshe `PRAGMA foreign_keys = ON` kila unapofungua muunganisho, kwa sababu kwa kawaida ulinzi huo umezimwa. Na kwenye zana yoyote, upande unaopaswa kuwa na mstari mmoja kwa kila ufunguo uwekee UNIQUE, sharti linalozuia thamani kujirudia. Kwenye PostgreSQL, UNIQUE huruhusu NULL nyingi. Kuanzia toleo la 15 unaweza kuzizuia kwa kuandika `UNIQUE NULLS NOT DISTINCT`.